Rufaa ya Kaseti ya Swedi

Swedi alikuwa fundi cherehani mwenye sauti nzuri na meno mabaya. Alipofariki mwaka tisini na saba alimwachia mkewe, Stara, nyumba ya vyumba viwili Nkuhungu mjini Dodoma, shamba la alizeti Mlali, na kaseti moja. Nyumba ilivuja. Shamba lilikuwa mbali. Kaseti ndiyo iliyokuwa mume.

Alijirekodi mwenyewe sebuleni kwa redio ya kuazima, nyimbo sita za harusi, akipiga dufu. Katikati ya wimbo wa tatu mbuzi wa jirani alilia, na Swedi, bila kupoteza pigo, akasema, "Stara, funga mlango, mbuzi anaingia," kisha akaendelea kumsifu bibi harusi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kila Ijumaa Stara aliisikiliza, na akifika hapo alicheka peke yake. Wajane wenzake waliachiwa picha. Yeye aliachiwa amri.

Mwaka elfu mbili akaiazimisha kwa siku moja kwenye harusi ya binamu yake Kondoa. Ikarudi salama. Miezi mitatu baadaye alikwenda tena Kondoa, na pale stendi akamsikia marehemu mumewe akiimba kwenye spika ya duka. Siku hizo kaseti tupu ziliingia nchini kwa maboksi, na kila mwenye redio mbili na waya alikuwa kampuni. Kwenye jalada kulikuwa na kijana mwenye duka, kavaa miwani ya jua: Abdulnasiri na Kundi Lake.

"Kundi lipi?" Stara alimwuliza. "Wewe na huyo mbuzi?"

Abdulnasiri akababaika. Alikuwa amenakili mamia ya kaseti bila kujiuliza mbuzi ni wa nani.

Wakili wa Stara aliitwa Damas, kijana aliyeisoma sheria mpya ya hakimiliki kama mtu anayesubiri jibu la posa. Shamba la Mlali likauzwa kumlipa. Mahakamani kaseti ya Swedi ikapokewa kuwa kielelezo namba moja, ile ya dukani namba mbili, na zote zikachezwa. Mbuzi akalia mara mbili. Karani, Mama Emilia, akaficha uso ndani ya faili. Kesi ingekuwa imekwisha, laiti wakili wa upande wa pili asingeinuka na swali moja dogo.

"Mama, marehemu alikuwa anatoza shilingi ngapi kwa harusi moja?"

Kwao mwimbaji wa harusi hataji bei. Anatuzwa. Anayetaja bei watu humwangalia kama mtu anayeuza dua. Stara akajinyoosha kizimbani, akajibu kwa fahari, "Mume wangu hakutoza hata senti. Walimpa kanga za mkewe, na pilau."

Damas akafumba macho.

Hukumu ikasomwa. Abdulnasiri amenakili bila ruhusa, kaseti zake zote ziteketezwe. Hilo kijana hakulipinga. Fidia ni shilingi elfu ishirini, kwa kuwa mdai mwenyewe amekiri kazi hiyo haikuwa na bei. Gharama za mawakili, kila upande ujibebee zake.

"Wamemlipa kanga na pilau," Stara alisema wakiwa nje.

"Si umewatajia wewe, mama," Damas akajibu kwa sauti ya chini.

Mama Emilia akamvuta kando. "Dada, sikiliza. Msipokata rufaa, muda ukipita unakuja kuchukua kaseti yako. Mkikata, vielelezo vinabaki na faili mpaka mwisho. Inaweza ikafika mwaka, hata miwili."

Stara alisimama pale juani. Aliziona Ijumaa zote hizo, moja moja, zikiwa kimya. Lakini aliona pia stendi nzima ya Kondoa ikicheka kwamba Swedi thamani yake ni sahani ya wali.

"Kata," akamwambia Damas.

Rufaa ilikuwa na mambo mawili tu, fidia na gharama, na ikachukua miaka miwili na miezi miwili. Siku ya hukumu jaji alisema kutuzwa si sawa na kutokuwa na thamani. Kipimo kiwe kile alichovuna aliyenakili. Tena akasema mtu aliyelazimishwa kuja mahakamani kudai haki yake hastahili kurudi nyumbani akiwa maskini kuliko alivyotoka. Fidia ikawa milioni moja na laki mbili. Gharama za mahakama zote mbili, alipe Abdulnasiri.

Damas alirukaruka kama mtoto. "Mama, unarudisha shamba!"

"Kaseti yangu iko wapi?" Stara aliuliza.

Ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, lakiri haijaguswa. Mama Emilia aliitunza kwa mapenzi. Aliiweka juu kabisa ya kabati, mchwa wasiifikie. Juu kabisa ni karibu na bati, na bati la Dodoma mwezi wa kumi na moja unalijua mwenyewe.

Nyumbani redio iliimeza kaseti, ikakohoa, ikanyamaza. Fundi redio wa Nkuhungu akauvuta utepe nje, umejikunja na kushikana.

"Umeungua kwa joto, mama. Hapa hakuna sauti ya kutoa."

"Hata ya mbuzi?"

"Hata ya mbuzi."

Kesho yake akapanda basi la Kondoa. Akapita duka kwa duka akiuliza kaseti ya Abdulnasiri. Wapi! Alipokanyaga kizingiti tu watu walizima redio. "Huyo ndiye Bi Stara wa kesi," walinong'onezana. Mmoja akaapa kwa jina la Mungu kwamba hajawahi kusikiliza muziki tangu azaliwe.

Akamalizia kwa Abdulnasiri. Miwani ya jua haikuwepo tena. Sasa aliuza chumvi na biskuti.

"Shikamoo, mama," alisema akisimama. "Pesa nitamaliza mwezi ujao, naomba..."

"Marahaba. Sikuja kwa pesa. Huna kaseti hata moja?"

"Nilichoma zote, mama, dalali wa mahakama anahesabu. Hata ya nyumbani. Mke wangu Sabiha alikuwa anaipenda, akalia. Nikamwambia ni amri."

Stara akaketi kwenye gunia la chumvi. Akamweleza habari ya bati. Abdulnasiri akakaa naye chini, hajui mikono aiweke wapi.

"Naikumbuka yote," akasema mwishowe. "Mara mia nne na zaidi niliinakili." Akasafisha koo, akatazama sakafu. "Stara, funga mlango, mbuzi anaingia."

"Siyo hivyo. Hakuwa na haraka."

Akarudia, polepole.

"Siyo hivyo," Stara alisema, machozi yakimdondokea mapajani. "Alikuwa kama anataka kucheka."

Nje basi la Babati lilipiga honi, abiria wakakimbia. Hakuna aliyeinuka.

"Jaribu tena, mwanangu," akasema.