Bampa Iliyozibwa Mapema

"Haya, mama, nionyeshe palipogongwa," alisema Sajenti Akech, na Phelister akaikodolea macho vani pale uani mwa kituo cha polisi.

Angeonyesha nini? Bampa ya mbele ya vani ya shule aliyoiendesha ilikuwa inang'aa kama gari la harusi. Na yote hayo, jamani, yaliletwa na mapenzi! Mumewe, Laban, ni fundi wa kunyoosha bodi za magari kule mtaa wa Huruma. Jana jioni alipomwona mkewe amerudi analia, hakuuliza swali la pili. Kabla jua halijatua alikuwa ameziba tundu kwa filla, ule uji mzito unaokauka ukawa mgumu kama bati, akapiga msasa, akapuliza rangi, kisha akasema, "Mama Triza, yamekwisha. Futa machozi." Na Phelister naye, masikini, akamshukuru! Hakuna aliyekumbuka kwamba polisi walitaka magari yote mawili yaliyogongana yaletwe asubuhi, wayakague.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Phelister alisimama mtaa wa Kaloleni, karibu na ukumbi, amshushe mwanafunzi wa mwisho. Pikapu iliyokuwa mbele yake ikarudi nyuma, na kile chuma chake cha kuvutia magari kikatoboa bampa ya vani. Dereva wa pikapu, Bwana Mativo, akatoka akipiga kelele kwamba yeye ndiye aliyegongwa. Na Nairobi nani asiyejua? Wa nyuma ndiye mwenye makosa, hata awe malaika.

"Unaona, afande?" Mativo akasema sasa. "Asiye na hatia hafichi. Huyu mama alikuja mbio, akafunga breki zikalia kwiii, akanipiga. Hata jana niliandikisha hivyo hivyo."

"Mama, kwa nini ulificha?"

"Sikuficha, afande. Ni mume wangu... alinihurumia." Hata masikioni mwake mwenyewe maneno hayo yalisikika ya kipumbavu. Mativo akacheka.

Phelister aliogopa, aliogopa kwelikweli. Mwalimu mkuu alikuwa amesema waziwazi: dereva akiandikwa ana makosa, hatabeba watoto tena. Miaka sita ya usukani iishie kwenye filla! Na lililomtisha zaidi ni kwamba alikuwa ameanza kujishuku. Je, alikuwa amesimama kabisa? Au vani ilikuwa bado inatambaa? Mtu akikukaripia sana, hata jina lako utalisahau.

Laban alikuwa kando, kofia mkononi. "Afande, naweza kuikwangua. Tundu bado liko chini ya filla."

"Kwangua," Sajenti akasema, "lakini nitaandika nitakachokiona, si mnachokitaka. Gari likifunga breki kwa nguvu huinamisha pua, na chuma hulitoboa juu zaidi. Tundu likiwa juu kuliko chuma cha pikapu, basi mama alikuwa mbioni; vikilingana, alikuwa amesimama."

Phelister akamvuta mumewe shati. "Baba Triza, lilikuwa juu au chini?"

"Sikuangalia. Niliona tu unalia."

Ee Mungu wangu! Sasa angemlaumu vipi mtu kama huyu? Akamwachia shati, akasema, "Haya. Toa."

Kisu kikaanza kazi. Unga wa filla ukamwagikia viatu vya Laban, na Phelister akafumba macho, akaomba kimoyomoyo maombi yote aliyoyajua. Alisikia Sajenti akimwamuru Mativo arudishe pikapu polepole, polepole, bado kidogo, hapo!

Phelister akafumbua jicho moja. Chuma kilikuwa kimeingia tunduni sawasawa, kama kidole puani.

"Bwana Mativo," Sajenti akasema, "ni breki zipi hizo zililia?"

Mativo akasogeza pikapu mbele, chuma kikachomoka tunduni. Sajenti akatikisa kichwa, akaingia ofisini kuandika kwamba pikapu ndiyo iliyorudi nyuma ikagonga.

Phelister akaegemea mlango wa vani, machozi yakimtoka. Kumbe alikuwa amesimama! Kumbe hakuwa ameota! Alipogeuka amwambie mumewe, alimkuta Laban amechuchumaa mbele ya bampa, mkebe wa filla umeshafunguliwa, kijiko kiko mkononi, analiangalia lile tundu kwa huruma.

"Wewe!" Phelister akamrukia, akampokonya kijiko. "Thubutu kuligusa kabla ile karatasi haijapigwa muhuri! Leo, Baba Triza, nakuomba, usinihurumie!"