Meli Inayozima Moteri

Bwana yangu Paulin alizaliwa Mutwanga, chini ya mulima Ruwenzori, na alipokuwa kijana alibebea wazungu mizigo mpaka juu kabisa, kwenye barafu. Hiyo hakuna mutu anaibisha. Shida ni ile anayoongeza: kwamba barafu ya kule ni ya rangi ya bulu, na kwamba inalia. Tena si kulia kidogo kama mulango usiotiwa mafuta. Inanguruma kama lori la Fuso lililojaa ndizi likipanda kona za mulima Kabasha, halafu inapasuka, pah! na mutu anashika roho yake kwa mikono miwili.

Tangu anioe ameisimulia kwenye kila ubatizo, kila ndoa, kila matanga. Na kila mara mudogo wake Achille anangoja afike kwenye ngurumo, ndipo anainua glasi: "Kaka, hiyo barafu ilikuwa na mimba?"

Watu wanaanguka. Achille alikuwa prefe, mukubwa wa shule, anajua kuchekesha ukumbi kama darasa la mwaka wa sita. Na mimi nilikuwa nacheka, kwa sababu kichekesho kikiwa kizuri siwezi kukifungia mudomo.

Lakini kwenye ndoa ya mujukuu wetu Fortunat, vijana walimuomba Muzee asimulie barafu yake, naye akasema, "Nimeisahau." Akaendelea kuchambua miiba ya samaki. Paulin kusahau barafu! Mutu anayekumbuka mbuzi wa babu yake kwa majina! Nikamutazama Achille akiwa tayari ameshika glasi, hana pa kuipeleka. Toka siku ile Muzee wangu alikaa karibu na dirisha na radio yake, anajibu ndiyo na hapana, kama mutu anayelipishwa kwa kila neno.

Nikaliweka tumboni, nikangoja.

Halafu Laurence, kitinda mimba wetu, muuguzi kule Norvege, Ulaya ya baridi, akapiga telefone. "Mama, wewe na Papa munafikisha jubile ya ndoa. Sisi watoto tumeungana. Tunataka kuwapandisha meli ya kutembea baharini, muone barafu ya huku."

Karibu niangushe telefone ndani ya chungu cha sombe.

Munganga alimukataza Paulin ndege kwa sababu ya moyo. "Uende wewe," Muzee akaniambia. "Uangalie tu, urudi. Usibishane na mutu." Jubile ya dhahabu iko mulangoni na bado hajanijua.

Laurence akatuma picha za meli mbili. Ya kwanza ilikuwa mutaa muzima uliosimamishwa juu ya maji: ghorofa juu ya ghorofa, lifti, sinema, bwawa la kuogelea juu ya paa, kana kwamba bahari haitoshi. Njia yake inafuata miji ya pwani, inaingia kati ya milima, na barafu unaionyeshwa kule juu begani mwa mulima, kwa jumeli, ile miwani ya kuvuta mbali. Ya pili ilikuwa nyekundu, fupi, haipiti sana mabato ya ziwani yanayotupeleka Bukavu. Watu inaobeba hawajazi hata ndoa ya masikini. Lakini njia yake inapanda mpaka visiwa vya mwisho wa dunia, kule barafu inateremuka yenyewe kutoka mulimani na kutia muguu ndani ya bahari.

Watoto wote wakapenda ile kubwa. Mimi nikamwambia Laurence, "Kabla ya kusema neno, unipigie wenye hizo meli. Niko na swali."

Akanipigia, yeye akitafsiri. Nikauliza wa meli kubwa: "Mukifika mbele ya barafu, munazima moteri?"

Yule bwana akacheka kwa adabu. Moteri haizimwi hata kidogo, Mama. Ndiyo inaleta taa, ndiyo inapika, ndiyo inapiga muziki. Kila ghorofa kuna muziki, ili wageni wasichoke.

Nikauliza wa meli ndogo. Huyo mama hakucheka. Akasema: tukifika mbele yake, kapiteni anazima moteri na kuomba watu wanyamaze. Mara zingine barafu inasema. Mara zingine hapana. Hatuahidi.

"Inasema nini?" nikauliza.

Laurence akageuza swali, akageuza jibu. "Mama, amesema siku utakayoisikia hutauliza."

Nikashukuru, nikakata, nikaenda kuchagua mbuzi.

Mbuzi alikuwa wa konseye, kikao cha familia, maana kwetu mama muzee hasafiri kwa kichwa chake peke yake. Walikuja wote nyumbani, hapa Himbi mujini Goma, siku ya posho, Jumamosi, na Achille akaketi kwenye kiti cha kati bila kuombwa. Angèle, mukubwa wetu, akafungua: "Mama, kwenye hiyo meli ndogo utatapika mpaka utusahau majina."

"Ni kweli," Achille akasema. "Meli kubwa iko na munganga, iko na misa siku ya Mungu. Hiyo ingine ni pirogi tu, mutumbwi uliopakwa rangi. Shemeji atakaa huko na wazungu wenye ndevu, wanaangalia maji."

Hakuna aliyemuuliza Paulin. Alikuwa pale dirishani na radio yake imezimwa.

Sasa niwaambie desturi ya familia ya bwana yangu, ambayo mama mukwe aliniachia pamoja na chungu chake. Konseye inafungwa kwa chakula, na neno lililosemwa la mwisho kabla ya muzee anayeongoza kutia vidole kwenye bukari, ugali wetu, ndilo linabaki. Akikula, amesinya, ametia sahihi. Hakuna kulifungua tena mpaka konseye ingine. Achille ndiye mulinzi mukali wa hiyo desturi. Kwa desturi hiyohiyo alishanifunga mara nyingi, kwa sababu yeye yuko kwenye kiti na mimi niko kwenye moshi.

Lakini nani anajua saa bukari itatoka?

Nikawaacha waseme. Harufu ya mbuzi niliiruhusu itangulie. Achille akasema, "Basi, tumalizie." Nikatoa kichwa jikoni: "Baba mudogo, chumvi bado haijaingia." Wakasema tena. Mate yakaanza kuwakata maneno. Achille akasafisha koo mara ya pili. Nikasema kuni ni mbichi. Walipokuwa wamenyamaza kabisa, wanaangalia tu mulango kama vifaranga, nikaingia mwenyewe na sinia, nikaliweka mbele ya Achille, nikafunua bukari, muvuke ukampanda kwenye miwani. Nikafumba macho na kusema kwa ile sauti ya sala, mbiombio:

"Basi naenda na meli ndogo, Mungu abariki chakula hiki, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mutakatifu, amina."

"Amina," wakajibu wote.

Na vidole vya Achille vilikuwa tayari vimeshazama kwenye bukari mpaka kwenye pete.

"Mama!" Angèle akapiga kelele.

Achille akaangalia tonge lake kama mutu aliyeokota njiani kitu chenye mwenyewe. Akataka kulirudisha. Ndipo nikasikia kitu ambacho sikukisikia toka ndoa ya Fortunat: Muzee wangu kule dirishani anacheka, mabega yanamutikisika.

"Kula, mudogo wangu," akasema. "Umeshasinya."

Achille akakula. Hana ubaya, ni mutu wa sheria. Lakini alipomeza akaniuliza, "Sawa, shemeji. Umenishika. Kwa nini lakini hiyo pirogi?"

"Kwa sababu inazima moteri. Nataka kusikia barafu ya kaka yako."

Achille akavua miwani, akaipangusa muvuke.

"Na ikikataa kulia?"

"Ikikataa, Muzee hataisimulia tena mpaka tumuzike, na mimi siku ya jubile nitasimama niseme wewe ulikuwa na akili kutushinda wote. Ikilia, ni wewe utasimama siku hiyo. Utaisimulia wewe, kwa mudomo wako, pamoja na ngurumo yote."

"Nimekubali," Achille akasema, na akakula tonge la pili ili watu waone.

Watu walipoondoka, Paulin akanishika mukono. "Mama Angèle, mimi niliisikia nikiwa kijana. Kama ilishazeeka nayo? Kama haina nguvu tena? Umechukua neno langu umeliweka juu ya maji."

"Na juu ya maji ndiko nitaenda kulichukua," nikamwambia. Lakini usingizi ulikuja kwa kusukumwa.

Mambo ya viza nayaruka, yangekula karatasi yote. Nikavuka barrière ya mupaka kwa miguu, nikapanda ndege Kigali, na ndege ingine, na ingine, mpaka Laurence akanipokea na koti ambalo ndani yake wangeenea watu wa nyumba nzima. Tukapanda meli nyekundu. Na niseme ukweli: Angèle alikuwa na haki. Nilitapika mpaka nikasahau majina yao, na langu pia. Laurence alikuwa anashika beseni na kusema, "Mama, ile kubwa ingekuwa imetulia." Mimi kati ya beseni na beseni nilikuwa namujibu, "Nyamaza, naangalia mandhari."

Siku ya barafu tulikuwa tumepatana na watu wa Goma wangoje telefone. Ilikuwa siku ya Mungu. Wao walikuwa wametoka misa, wamejaa nyumbani kwetu, na Fortunat alikuwa ameunganisha telefone na spika ya wanakwaya. Laurence akapata rezo, mutandao wa meli, akainua telefone yake juu. Nami nikaenda mbele kabisa, kwenye pua ya meli.

Watu wangu, niliiona. Ukuta. Kutoka mulima huu mpaka mulima ule, mrefu kupita nyumba yoyote ya Goma, umepasuka-pasuka kama kisigino cha mukulima. Na rangi yake... hiyo nitaifikia.

Kapiteni akazima moteri.

Sisi watu wa Goma kimya kama kile hatukijui. Kwetu hata mulima wa moto unakoroma. Kule nilisikia mapovu madogo yanapasuka majini, basi. Tukangoja. Tukangoja tena.

Sauti ya Achille ikatoka kwenye telefone: "Shemeji! Tunasikia kimya kizuri sana! Ongeza kidogo!" Na nyuma yake kicheko cha nyumba nzima.

Halafu sauti ya Muzee, ndogo: "Munyamaze. Haisemi kwa kuamurishwa."

Tukangoja. Wazungu wakaanza kupuliza vidole vyao. Nikamuona kapiteni kule juu anaangalia saa, anamuinulia mukono mutu wa moteri. Nikajua anaenda kuiwasha. Neno la bwana yangu litazama palepale, na mimi nitarudi kumusifu Achille.

Nikafanya linalowezwa na mama muzee yeyote wa kwetu. Nikashika magoti, nikakaa chini juu ya mbao za meli, nikatoa rozari, nikaanza kusali kwa sauti. Nani atamukatiza bibi anayesali? Watu wakavua kofia. Kapiteni naye akavua ya kwake, mukono ukashuka. Nilisali polepole kama mutu anayetembea na yai. Kila "Salamu Maria" niliipa nafasi ya kupumzika. Laurence anakaza meno asicheke, telefone inamutetemeka juu.

Sikumaliza fungu la kwanza.

Ilianzia ndani, mbali, chini kabisa. Lori. Ni Fuso, nakuapieni, lenye ndizi, kwenye kona ya Kabasha, dereva anabadilisha vitesi, gia kwa gia. Ikapanda, ikapanda, mbao zikanitetemeka chini ya makalio, halafu pah! kipande kikubwa kama kanisa la parokia kikajitoa ukutani, kikashuka na utukufu wake wote ndani ya bahari. Meli ikayumba. Rozari ikanitoka mukononi. Nikashika roho yangu kwa mikono miwili, vilevile alivyosema.

Kwenye telefone mutoto mumoja alikuwa analia kule Himbi, na glasi ziligongana kwa sababu ya spika.

"Ni yeye," Paulin akasema. Halafu, kwa nguvu: "Mungoje! Hajamaliza. Huwa anarudia."

Na ikarudia.

Hapo vigelegele vikatoka Goma vikafika mwisho wa dunia, wazungu wakageuka kutafuta vimetoka wapi. Achille akajaribu: "Labda ni radi..."

"Baba mudogo," Laurence akamukata, "huku jua linawaka, hakuna hata wingu."

"Na ulikula bukari!" Angèle akapaza sauti.

Wakacheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa kinaenda upande mwingine. Ndipo Muzee akauliza, "Mama Angèle. Iko ya rangi gani?"

"Bulu," nikasema. "Bulu kama sabuni ya kufulia."

Nikamusikia anavuta pua. Kisha ikarudi ile sauti yake ya zamani, ya kwenye ndoa na ubatizo: "Mumesikia? Bulu! Sasa mukae, niwaambie tangu mwanzo."

Siku ya jubile Achille alisimama na suti yake ya ukubwa wa shule. Alisimulia Mutwanga, mizigo, baridi, vyote, na kwenye ngurumo alifunga macho akanguruma mpaka tai ikazunguka shingoni. Nikangoja afike mwisho. Nikainua glasi.

"Shemeji, hiyo barafu ilikuwa na mimba?"

Ukumbi ulianguka, na yeye mwenyewe akaanguka nao, amemukumbatia kaka yake.

Sasa Paulin anaisimulia kila juma, na kwa kuwa hakuna tena wa kumubisha, anaongeza. Juzi ameongeza chui, kwamba huyo chui alitembea juu ya barafu na kumusalimia. Wajukuu wakanigeukia mimi niliyefika, niliyeona kwa macho: "Koko, ni kweli kulikuwa na chui?"

Nikamutazama Muzee wangu. Alikuwa ananingoja, kijiko hewani.

"Walikuwa wawili," nikasema.