Goti la Fundi Hironimus

Tangu asubuhi hiyo ya Ijumaa Ursula alikuwa hajakaa kitako. Alikwenda dukani kwa Swalehe, akarudi nyumbani Msamala, akachungulia chumbani kwa baba yake, akatoka tena mbio kama mtu aliyesahau chungu motoni. Majirani walicheka: yote haya kwa ajili ya sponji? Wacheke tu. Angekuwa baba yao, nao wasingekaa.

Baba yake, Fundi Hironimus, alikuwa amepooza upande wa kushoto tangu Kwaresima. Kulala kulikuwa kumeshamtoboa kidonda nyonga ya kushoto, na sasa ya kulia nayo ilianza kulainika na kuwa ya moto. Jumatano nesi aliibonyeza kwa kidole, akamvuta Ursula nje.

"Dada, hiki kimoja tutahangaika nacho. Kikifunguka cha pili, mzee tutampoteza. Mtafutie godoro jingine."

Na huyu ndiye mtu aliyewashonea watu magodoro ya sufi miaka arobaini, kuanzia mapadri mpaka mabwana shamba! Sasa godoro lake mwenyewe lilikuwa linamla. Ursula alitamani kulichoma moto.

Siku hizo za ruksa, biashara ilipofunguliwa, vitu ambavyo watu walikuwa wamevisahau vilianza kufika Songea kwa malori. Swalehe, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Tanga, alikuwa ameshusha sponji za mpira, mpira hasa wa utomvu wa mti, za aina mbili. Moja ilikuwa nzito, imeshikana, ukiibonyeza inakurudishia mkono. Nyingine ilikuwa nyepesi, ina matundumatundu na hewa tele, mkono unazama kwanza ndipo inapojirudi taratibu. Alimwahidi Ursula kipande kimoja. Kitakachobaki kilikuwa cha mteja wa Tunduru, na lori lingeondoka mara tu baada ya swala ya Ijumaa.

"Chagua, dada yangu," alisema Swalehe. "Ijumaa hainisubiri mimi wala wewe."

Ursula alifanya kama alivyofundishwa. Kwenye kazi ya sufi baba yake hakuwa na kipimo kingine ila goti: unalikandamiza katikati ya godoro, likizama mpaka ubaoni unafumua na kushindilia upya. Akapiga goti kwenye sponji nyepesi, likazama. Akapiga kwenye nzito, likasimama.

"Nipe hii nzito."

Alikuwa ameshaanza kuikunja alipolitazama goti lenyewe. Lilikuwa limejaa, goti la mama wa watoto wanne anayekula ugali akashiba. Baba yake, jana Ursula alimwinua peke yake, kwa mkono mmoja, na mkono haukuchoka. Uzito wote aliobaki nao mzee ulikuwa kwenye ncha ya ule mfupa wa nyonga. Ursula akaiachia sponji ikafunguka yenyewe.

"Kaka Swalehe, niazime vipande vya mfano. Vyote viwili."

"Vichukue, hata usivirudishe. Lakini wallahi, adhana ikilia nafunga."

Alifika nyumbani akihema. Vipande vilikuwa na ukubwa wa mto wa kulalia. Fundi Hironimus akavipapasa kwa mkono wake mzima, kwa madaha yaleyale ya zamani.

"Hii," alisema, ulimi ukimkwama, mkono uko juu ya nzito. "Umepiga goti?"

"Nimepiga, Baba."

"Basi unauliza nini?"

Ursula akamlaza ubavu wa kulia, akaiweka ile nzito chini ya nyonga. "Safi," alisema mzee, huku ameuma meno na jasho limemtoka usoni. Ursula akaitoa, akaweka nyepesi. "Takataka," mzee akafoka. "Hili godoro la mvivu, mtu akilalia hili..." Hakumaliza. Taya likalegea. Mtu ambaye hakuwa amepata usingizi siku mbili alilala mchana kweupe, mdomo wazi.

Ursula alibaki amesimama. Mzee alikuwa ameshanyang'anywa kila kitu: miguu, kijiko, hata kujifunga kikoi chake. Kilichobaki ni neno lake juu ya godoro. Na hilo nalo mwanawe amnyang'anye? Adhana ikaanza. Akatoka mbio.

Jumamosi aliishona ile nyepesi aliyoiwahi dukani. Ile nzito ya mfano aliikata vipande vyembamba, akavibandika kwa gundi ukingoni, pale mkono wa kulia wa mzee unapofika, kisha akafunika godoro zima kwa kitambaa cha mistari. Alipomlaza juu yake, mkono wa fundi ukaenda ukingoni moja kwa moja, ukabonyeza.

"Ile nzito?"

"Ile nzito, Baba."

Hakuwa amewahi kumdanganya kuhusu kazi. Mkono ukabonyeza tena, kisha ukaanza kutambaa kuelekea katikati, ukaingia chini ya nyonga, ukazama, ukatulia hapohapo. Ursula aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Ukingo umeshona vizuri," alisema Fundi Hironimus. Akafumba macho. "Huko katikati, mafundi wenzangu wasijue."