Kabla ya Kiitikio cha Mwisho

Kaka yangu alifariki Jumatano, asubuhi ya kawaida kabisa. Nilikuwa mapokezi, kwenye kliniki ya meno ninakofanya kazi, namweleza mama mmoja kwa nini daktari hawezi kung'oa meno mawili kwa miadi ya jino moja. Simu ikalia. Alikuwa Fundi Friji, rafiki yetu anayepiga gitaa la besi. Hakunisalimu.

"Dada, njoo karakanani."

"Kuna nini?"

"We njoo tu."

Kaka alikuwa seremala. Walinieleza kwamba alikuwa anapiga randa mlango, akasema ana kiu, akakaa juu ya rundo la mbao kusubiri maji. Maji yalipofika, mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Walikuwa wamemfunika shuka. Nilipolifunua nikaona penseli yake bado iko nyuma ya sikio. Sikuitoa. Sijui nani aliitoa baadaye.

Nyuma ya karakana hiyo kuna stoo ya mbao, na humo ndimo tulimokuwa tukipiga muziki wa roki kila Jumamosi tangu tulipomaliza shule. Kaka alipiga ngoma. Wenzake walimwita Radi, na hawakutia chumvi. Fundi Friji alikuwa kwenye besi. Kinyozi, ambaye kazi yake ni hiyo hiyo ya kunyoa, alipiga gitaa la solo. Mimi natunga nyimbo, naimba, na napiga gitaa la kusindikiza. Majirani walikuwa wakiuliza kama tunapiga muziki au tunabomoa ukuta. Radi alikuwa akiwajibu, "Vyote viwili, kwa bei moja."

Hatukuwahi kurekodi. Kila tulipopanga, kaka alikuwa na milango ya mtu ya kumaliza. Tulijaribu kwa simu, lakini stoo ilikuwa ndogo na ngoma zilikuwa na kelele mno. Simu ilirudisha mkwaruzo mtupu.

Baada ya msiba nilikaa muda mrefu bila kushika gitaa. Kisha nikatunga nyimbo kadhaa mpya, zikaja zenyewe, na siku moja nikajikuta natafuta namna ubeti wa wimbo mmoja wa zamani ulivyokuwa unaanza. Nilikuwa nimeusahau. Niliogopa. Jioni hiyo nikawapigia simu Kinyozi na Fundi Friji, nikawaambia tukarekodi zote, za zamani na mpya. Zile mpya zingeweza kusubiri. Nilichokitaka hasa ni kimoja: zile za zamani zibaki kama zilivyokuwa kaka alipokuwa akizipiga, kabla hazijatutoka vichwani.

Ngoma zake zilikuwa nyumbani kwa wifi yangu. Nilipokwenda kuziomba hakubisha.

"Chukueni. Mtoto ameshaanza kuficha viatu ndani ya ile kubwa. Lakini nyimbo zikiwa tayari, mimi ndiye wa kwanza kusikia. Sawa wifi?"

"Sawa wifi."

Mpiga ngoma tulimpata kupitia kwa mteja wa Kinyozi. Ni mwanamke anayefundisha hisabati shule ya msingi, tukamwita Mwalimu tu. Alikuwa amepiga kwenye bendi ya chuo. Alifika na vijiti vyake ndani ya mfuko wa kuhifadhia rula, akakaa, akapiga, na Kinyozi akaninong'oneza, "Huyu anajua." Kweli alikuwa anajua. Ndiyo maana yaliyofuata yalituchanganya.

Studio ni chumba kilicho juu ya duka la viatu. Kuta zimebandikwa sponji, dirisha limezibwa, na chini pametandikwa kapeti nene nyekundu. Feni huzimwa wakati wa kurekodi kwa sababu vipaza sauti vinaisikia. Nyuma ya kioo hukaa mtu wa mitambo, kijana mpole asiyezungumza sana. Neno analolipenda ni "Tena."

Tulianza na wimbo wa zamani tunaoujua kuliko yote. Ubeti wa kwanza, safi. Kiitikio, safi. Solo ya Kinyozi ikapanda ikashuka bila doa. Tukafika mwisho wa ubeti wa mwisho, Mwalimu akaingia kwenye kiitikio, na sisi watatu hatukuwepo. Tulikuja baadaye, kila mmoja kwa wakati wake, kama watu wanaoshuka ngazi gizani.

"Tena," akasema mtu wa mitambo.

Tukarudia. Pale pale.

"Nani anachelewa?" nikauliza.

"Siyo mimi," akasema Kinyozi.

"Wewe haijawahi kuwa wewe," Fundi Friji akamjibu. "Hata uliponipindishia mstari wa nywele ulisema kichwa ndicho kilichosogea."

"Kilisogea! Ulikuwa unapiga chafya."

"Jamani," akasema Mwalimu, "mimi nahesabu. Nne, nne, nne, nne, kiitikio. Hesabu haina ukoo."

Siku hiyo tuliondoka na nusu wimbo. Jumamosi iliyofuata tukajaribu wimbo mwingine wa zamani, tukaanguka mahali pale pale, mwisho wa ubeti wa mwisho. Na iliyofuata vivyo hivyo. Kazini nilimwandikia mgonjwa mmoja miadi ya siku iliyokwisha kupita. Nyumbani nilipiga nyimbo hizo peke yangu na sikukosea hata mara moja, jambo lililonifanya niamini kwamba kosa ni la wenzangu. Wenzangu nao, kumbe, kila mmoja kwake alikuwa akiamini hivyo hivyo.

Kinyozi alikuwa wa kwanza kumgeukia mgeni. Tulikuwa tumevaa hedifoni, naye akaniinamia akidhani ananong'ona.

"Huyu dada ana haraka kama kengele ya mapumziko."

"Nakusikia," akasema Mwalimu kutoka nyuma ya ngoma. "Kipaza sauti chako kiko wazi."

Kinyozi aliona aibu hadi akaanza kufuta gitaa lisilo na vumbi.

Nikasema tuziache za zamani kwanza. Tupige mpya. Wimbo niliouchagua nilikuwa nimeutunga baada ya msiba, Radi hakuusikia kamwe, na tuliujifunza pamoja na Mwalimu tangu mstari wa kwanza. Nilisema moyoni, huu hauna pa kutukwamisha. Tukaupiga. Ulikwenda vizuri kiasi kwamba nilimwona mtu wa mitambo akitikisa kichwa nyuma ya kioo. Tukafika mwisho wa ubeti wa mwisho. Mwalimu akaingia. Sisi watatu tukabaki mlangoni.

Mwalimu aliweka vijiti juu ya ngoma, akavua hedifoni, akajifuta shingo kwa leso.

"Sasa na huu? Huu mmejifunza juzi, mimi nikiwepo. Niambieni ukweli, siwagombezi. Hapo mwisho mnamsubiri nani?"

Kinyozi alikuwa ameinama, macho yake yako kwenye miguu ya ile ngoma kubwa.

"Kapeti," akasema.

"Kapeti imefanya nini?"

"Haitelezi."

Hapo ndipo nilipoelewa, na Fundi Friji pia, maana alikaa chini juu ya boksi la spika bila kutazama kama lipo. Sakafu ya stoo ilikuwa ya saruji laini, na vumbi la mbao halikuisha humo hata tufagie vipi. Kila Radi alipokanyaga pedali ya ile ngoma kubwa, inayopigwa kwa mguu, ngoma ilisogea mbele kidogo. Ikifika mwisho wa ubeti wa mwisho ilikuwa imemkimbia, mguu haufiki. Basi alikuwa akitia unyayo chini ya chuma cha pedali, anaivuta, krrr, anajiweka sawa, ndipo anaingia kwenye kiitikio. Kila wimbo. Miaka yote. Tulikuwa tunamcheka kwamba fundi mzima anashindwa kupigilia kipande cha ubao pale mbele kikaizuia. Fundi Friji alikuwa akisema, "Mwacheni, kila mwamba ngoma huvutia kwake." Naye Radi akijibu, "Mlango wa mteja kwanza, ngoma baadaye."

Tulimcheka, lakini hatukujua kwamba tulikuwa tunasubiri. Tuliona ndivyo nyimbo zilivyo. Na mimi niliyekaa peke yangu mezani nikatunga nyimbo mpya, nilikuwa nimemwachia nafasi ya kuvuta ngoma yake.

"Basi tukiweke," nikasema. "Kile kituo. Ndivyo zilivyokuwa."

"Mtu akisikia atadhani mtambo umekwama," akasema mtu wa mitambo. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote.

"Adhani anavyotaka."

"Dada," akasema Fundi Friji taratibu, "asiyekuwepo na lake halipo."

"Lake lipo! Umelisikia mara ngapi hapa ndani?"

Mwalimu akachukua vijiti. "Haya, tujaribu. Kituo ni mapigo mangapi?"

"Mawili," akasema Kinyozi.

"Matatu," akasema Fundi Friji.

"Inategemea ngoma imefika wapi," nikasema mimi.

"Mama, mimi siwezi kuhesabu 'inategemea'."

Tulijaribu mawili, ikawa kama mtu aliyesahau maneno. Tukajaribu matatu, ikawa kama kwikwi. Nikasema kapeti itolewe. Mtu wa mitambo alitoka nyuma ya kioo kwa mara ya kwanza. Kutoa kapeti alikubali, lakini nilipotaja vumbi la mbao akasimama mlangoni kama askari. "Hilo halivuki hapa. Mitambo hii nailipia mwenyewe." Basi Kinyozi akafungua mkoba wake wa kazi, akatoa kopo la poda ya kupaka shingo za wateja, akaimwaga juu ya vigae vilivyokuwa chini ya kapeti. Chumba kikanukia kama saluni.

Tukapiga. Ngoma ikaanza kusogea! Sikuamini. Nilimwona Mwalimu akinyoosha mguu zaidi na zaidi, ikafika mwisho wa ubeti, akatia unyayo chini ya chuma, akaivuta. Ikapiga kelele ile ile. Kisha akaingia, na sisi watatu tukaingia nyuma yake, tumechelewa vibaya kuliko siku zote. Tulikuwa tumeganda tunautazama mguu wake. Zamani hatukuwa tukiutazama mguu wa mtu.

Kinyozi alicheka. Fundi Friji akasema bora tungempigia mbuzi gitaa, mbuzi angalau angetikisa masikio. Hata mtu wa mitambo alicheka. Mimi nilivua gitaa, nikatoka nikakaa kwenye ngazi. Chini, dukani, mtu alikuwa anajaribisha viatu, anakwenda anarudi, anakwenda anarudi, na kila akirudi analalamika kwamba kimoja kinambana.

Mwalimu alikuja akakaa ngazi ya juu yangu. Soksi zake zilikuwa nyeupe kwa poda.

"Mimi sikumjua kaka yako," akasema. "Nyimbo zako naweza kuzipiga. Yeye siwezi kumpiga."

Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini alikuwa amejaribu kuliko sisi wote, na poda ilikuwa kwenye soksi zake, siyo zangu.

Kesho yake nilikwenda kwa wifi kumwambia kwamba nyimbo za zamani hazitakuwa kama zilivyokuwa. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Alikuwa anakunja nguo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ile kelele ya kuvuta? Krrr?"

"Ndiyo, ile."

"Wifi yangu, ilikuwa inanikera! Nilimwambia kila wiki apigilie ubao. Kila wiki! Hata mlango wa bafu letu hajaumaliza mpaka leo." Akacheka, halafu akaacha kukunja, akashika shati mkononi muda mrefu kidogo. Halikuwa la kaka, lilikuwa la mtoto. "Rekodini tu," akasema. "Mkingoja iwe kama ilivyokuwa, sitasikia kitu."

Nilirudi nyumbani nikakaa na nyimbo hizo, moja baada ya nyingine. Nafasi tupu sasa nilikuwa naijua ilipo, na nikiiacha tupu tutaisubiri hadi uzeeni. Kazi ya mtunzi ni maneno. Nikarefusha mstari wa mwisho wa kila ubeti wa mwisho, nikauvuta hadi uguse kiitikio, pasibaki pengo la mtu kusimama. Kwenye wimbo mmoja yalitosha maneno matatu. Kwenye mwingine ilinichukua siku nzima. Sikuyapenda maneno hayo, na mengine bado siyapendi. Nilipowasomea wenzangu, Kinyozi alisema, "Sasa umezipanga," na sikujua kama ananisifu. Fundi Friji alianza tu kukaza nyuzi.

Mstari mpya wa kwanza nilipouimba studio, sauti ilinikatika kabla sijafika mwisho.

"Tena," akasema mtu wa mitambo.

Nikauimba tena.

Hadi sasa tumemaliza nyimbo nne za zamani na mbili mpya. Wifi ameshasikia moja. Kapeti imerudishwa sakafuni. Jumamosi tunafika mchana, feni inazimwa, Mwalimu anahesabu, nasi tunaingia pamoja naye.