Kibao cha Uzi wa Nyavu

Armelle alitoka darasani na kibao shingoni. Kilikuwa kipande cha ubao wa sanduku kuukuu, kimetobolewa na kupitishiwa uzi wa nyavu, na juu yake rangi nyekundu ilisema: NIMEONGEA KILUGHA. Aliyekutwa nacho kengele ya mwisho ikilia alichapwa, kisha akapelekwa kuosha choo. Njia ya kukivua ilikuwa moja tu, kumnasa mwenzako akitamka neno la Kirundi, ukamvisha yeye. Basi watoto wa kijiji kile, mbele kidogo ya Ilagala, walishinda wakiviziana kama paka na panya. Armelle hakujua kuvizia, na kibao kilimzoea.

Siku hiyo kosa lilikuwa la mama yake. Spesiosa alikuwa amempelekea uji, na kwa mazoea akamuuliza pale uani mwa shule, "Urashonje?" Una njaa? Mtoto akajibu, "Ego." Ndiyo moja tu, na wenzake watatu wakapiga kelele kwa pamoja.

Jioni, mikono ikiwa bado na mafuta ya mawese aliyokuwa akiyakamua, Spesiosa alimkanya mwanawe. Alimkanya kwa Kirundi, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, hakikutosha kulea.

"Shuleni usijibu," alimwambia. "Hata nikikusemesha mimi mwenyewe, nyamaza. Umesikia?"

Alikuwa na sababu. Armelle alikuwa akirudia darasa la kwanza, na mwalimu mkuu, Oswald, alikwisha sema kwamba asipojua kusoma mwaka huu ampishe mwingine dawati. Alilisema bila chuki, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Spesiosa akaitikia ndiyo, mwalimu. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Kisha zikaja kompyuta. Aliyezileta alikuwa dada mmoja wa mradi kutoka Kigoma mjini, Lulu, naye akaeleza kwamba mashine itamtamkia mtoto neno kwa Kirundi, halafu kwa Kiswahili, mtoto arudie yote mawili, na hivyo ndivyo atakavyovuka kutoka lugha ya nyumbani hadi ya kitabuni. Kilichokosekana ni sauti. Wanawake wengine waliona haya. Spesiosa akakubali, akakaa stoo kati ya magunia ya mahindi, kinasa sauti mbele yake, na Lulu akamwambia aseme vile anavyosema na mwanawe. Akasema vile vile. Amazi, maji. Ifi, samaki. Subiramwo, rudia. Lulu akamsifu, akasema sauti yake ni nzuri. Spesiosa alifurahi, furaha ya kweli, akaamua asimwambie Armelle. Alitaka mtoto aisikie mwenyewe.

Mtoto hakuisikia. Kompyuta zilifungiwa ofisini, zikafunikwa vitambaa vya kufuma, zikisubiri mgeni rasmi aje kuzizindua. Mwalimu Oswald hakutaka ziguswe kabla yake. Zikichakaa, nani atajibu? Lulu alipopiga simu kuuliza aliambiwa kila kitu kinakwenda vizuri. Mvua zikaja, zikaisha. Kibao kiliendelea kuhama shingo hadi shingo, na kila jioni kilirudi kwa Armelle.

Mgeni rasmi alifika jua likiwa limepanda sana. Kila mtu alijua ameletwa na nini: shule za mjini nazo zilizitaka kompyuta hizo, na yeye ndiye angeamua zibaki au ziondoke. Lulu akaomba aitwe Armelle, kwa kuwa sauti ya mashine ni ya mama yake. Mtoto aliingia ofisini na kibao shingoni. Mwalimu Oswald alimvua upesi, akatafuta pa kukiweka, hakupaona, akakikalia.

Lulu akabonyeza.

"Amazi," ilisema mashine kwa sauti ya Spesiosa. "Maji. Subiramwo."

Armelle alishtuka. Akageuka, akamwona mama yake amesimama mlangoni na wanawake wengine. Akamtazama kwa muda, halafu akafumba mdomo na kuubana mpaka midomo ikapauka.

Mashine ikarudia kwa upole ule ule. Amazi. Maji. Subiramwo. Spesiosa alitaka kumwambia ajibu, ila hakujua amwambie kwa lugha gani. Kwa Kirundi mtoto angeona ni mtego mwingine. Kiswahili nacho kilimkwama, kwa jinsi mwalimu mkuu alivyokuwa akimkodolea macho. Akanyamaza, kama alivyomfundisha mwanawe.

Mgeni rasmi alitazama saa.

"Hawa bado," alisema, wala hakuwa mkali. "Vitu hivi vinataka watoto waliochangamka. Mjini vitatumika."

Mwalimu Oswald akasema ni kweli, mheshimiwa. Lulu alianza kueleza, akaambiwa aandike ripoti. Samaki wa migebuka walikuwa wamekwisha kukaangwa, wali ulikuwa unapoa, na wageni wakaenda kunawa mikono.

Kompyuta zilipakiwa garini pamoja na vitambaa vyake. Spesiosa alizitazama zikipita mbele yake. Hakusikia uchungu. Hakusikia kitu. Armelle akaja, akamshika kitenge, akanyanyuka kwa vidole vya miguu mpaka kwenye sikio lake. Alikuwa anatabasamu.

"Mama," alinong'ona kwa Kiswahili. "Sikujibu."

Spesiosa alimpapasa kichwa.

"Wagize neza," alimwambia. Umefanya vizuri.

Mwalimu Oswald alikuwa nyuma yao, kibao mkononi.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, mama," alisema.

Hakuangalia ni nani aliyetamka Kirundi. Armelle alikwisha kuinamisha shingo kabla hajaambiwa. Kibao kilikuwa bado na joto la kiti.