Nyumba Isiyokaa Mtu

Leso mbichi ilikuwa imeanikwa juu ya pampu ya maji, na Syprose, mkaguzi wa majengo kutoka mjini Kisii, alipoiona tu moyo ukamwambia anadanganywa.

"Nani analala humu?"

"Hakuna mtu, madam," alijibu Okemwa, mwenyekiti wa mradi wa maji hapo Nyacheki. "Ni mashine tu."

"Na leso ni ya mashine?"

Okemwa alicheka kidogo. Syprose hakucheka. Kazi ilikuwa imemfundisha kumshuku kila anayejibu upesi. Ramani ilisema nyumba hii haikai mtu, ni fundi tu atakayepita kutia dizeli na kuondoka. Ndiyo maana kanuni iliiruhusu kuwa na mlango mmoja mwembamba, unaofunguka kwa ndani, bila dirisha. Akiweka sahihi, maji yangefika majumbani kesho. Lakini kama wamemficha mlinzi, siku moja ya baridi atajifungia na injini ikinguruma, na atatolewa maiti.

Alichungulia nyuma ya injini, iliyokuwa ikizunguka kwa majaribio. Hakukuwa na godoro wala sufuria. Sakafuni aliona majani ya chai yaliyokanyagwa, na ukutani alama za viganja vyenye tope. Akazidi kuudhika. Bila shaka wamesafisha haraka haraka, alijiambia, halafu mzee mzima ananitazama usoni bila haya.

"Mimi ni mzee wa kanisa," Okemwa alisema, kama aliyemsoma mawazo. "Hakai mtu."

Mvua ikashuka ghafla, kama ilivyo desturi ya mchana huko. Wanawake waliokuwa wakichuma chai wakaja mbio na vikapu mgongoni, wakiitana kwa Kigusii waje, "Inchwo! Inchwo!" na kuvutana ndani. Wa mwisho akausukuma mlango ukafungika. Syprose akabanwa ukutani. Mama mmoja aliyeitwa Nyanchoka akaichukua leso yake juu ya pampu, akajifuta uso.

"Si umesema hakuna mtu!" Syprose alipaza sauti.

Okemwa alishangaa kweli kweli. "Hawa? Hawa hawakai, madam. Wanajikinga mvua tu."

Hakuwa akidanganya, na hilo lilimtisha Syprose kuliko uongo wote aliokuwa akiutafuta. Moshi ulianza kumkaba koo. Akajipenyeza hadi mlangoni, akavuta komeo; mlango ukagota migongoni mwa watu.

"Rudini nyuma!"

"Turudi wapi, mama?" Nyanchoka aliuliza kwa upole, akikohoa.

Okemwa alipapasa akaizima injini. Kwa kusukumana na kunyanyua vikapu juu ya vichwa, walipata upenyo, wakatoka mmoja mmoja mvuani. Nje wanawake walichekana jinsi walivyolowa.

"Nitaweka kufuli," Okemwa alisema haraka. "Hawataingia tena. Weka tu sahihi, madam."

Syprose aliyatazama mashamba ya chai yaliyotanda mpaka bondeni. Hakuona paa lingine la kujikinga mvua.

"Mlango ufunguke kwa nje," alisema. "Toboeni dirisha. Injini itengewe chumba chake. Nikirudi nikaona hivyo, nitaweka sahihi."

"Na maji ya kesho?"

"Hayatakuja kesho."

Wanawake wakaacha kucheka. Nyanchoka aliifunga leso kichwani polepole, akatazama njia ya kuteremka mtoni.