Injini Ikinguruma Bweni

Betri ya laptopu yangu ilikuwa imekufa kabisa. Laptopu ilitegemea adapta niliyonunua Kariakoo, si ya kampuni yake, lakini volti zililingana, nikaichomeka kwenye tundu la kiwashia sigara la gari. Nilitaka wavuvi wa kijiji cha Bweni waone video ya mwamba walioufunga wenyewe usivuliwe, kabla hawajapiga kura ya kuufungua au la.

Shida ilikuwa adabu ya dereva wetu, Mzee Mfaume. Hasalimii mtu injini ikinguruma. Njia nzima alizima gari kila tulipokutana na watu, na laptopu nayo ikazimika.

"Mzee wangu, Bweni usizime, tafadhali."

"Kwa wakwe zangu? Jovina, unataka wamchukue binti yao?"

Tulipofika, alishuka akaiacha injini ikinguruma.

"Shikamoo, mama mkwe. Nisamehe kelele. Nikizima, samaki wenu watapotea."

Watu walijazana mlangoni mwa gari. Kwenye kioo cha laptopu pweza mnene alijikunjua, samaki aina ya changu wakampita makundi kwa makundi.

"Mwamba wetu huo?" mama mkwe aliuliza.

"Wenu," nikajibu.

Video ilipokwisha wakapiga kura papo hapo. Mikono ikanyooshwa: mwamba ubaki umefungwa.

"Haya, zima sasa, mkwe," mama akasema. "Tusalimiane."